Lori la Ijumaa

Hapa mwaloni Igombe, kando ya ziwa, hakuna sufuria inayoinjikwa bila mimi kujua kilichomo. Namjua anayepika kisamvu kikavu, namjua anayechemsha maji matupu ili majirani wasikie mfuniko ukigonga. Niulize habari ya nyumba yoyote, kuanzia kibanda cha barafu mpaka kwenye mawe ya kufulia, nakupa yote na nyongeza juu. Isipokuwa habari ya mama Queen. Hiyo nilikuwa wa mwisho kuijua. Hata mbuzi wa mjumbe alinitangulia, maana yeye aliila ile karatasi ukutani kabla mimi sijatafuta miwani.

Karatasi ililetwa Jumatatu asubuhi, dagaa wameshatandazwa juu ya nyavu kuukuu na wanawake wameinama kuwageuza. Alikuja Mihayo, mjumbe wetu wa nyumba kumi, mbele yake akitembea msichana wa mjini aliyevaa kizibao cha buluu chenye nembo mgongoni. Viatu vyake vilikuwa vinazama mchangani na yeye anajifanya havizami.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba," tukaitika, mikono kwenye dagaa, macho kwenye kizibao.

Kwetu sisi, mwenye kizibao chenye nembo ni serikali. Awe wa chanjo, awe wa vyandarua, awe wa kukagua vyoo, ni serikali tu. Msichana akasema anaitwa Hadiya. Akasema yeye si mtu wa uhamiaji, anatoka shirika linalotafuta ndugu waliopoteana kwa sababu ya vita na kukimbia. Alieleza vizuri, kwa sauti nzuri, na katika maneno yote hayo tukasikia moja tu: uhamiaji.

Akatoa picha. Mama mtu mzima, kilemba cha njano, kashika kibao chenye namba kifuani kama mtu aliyekamatwa na kuku wa wenyewe.

"Anaitwa Daforoza, Mrundi. Yuko kambini, Kigoma. Anamtafuta binti yake Getruda, aliyetoka kambini miaka sita iliyopita kuja Mwanza kufanya kazi za ndani. Kuna mtu anasema alimwona huku kwenye dagaa."

Kila mtu akakumbuka kuinama.

"Getruda alishahama," akasema Evelina, jirani yetu, ambaye hajawahi kuulizwa kitu akakosa jibu. "Alikwenda Geita."

"Si alikufa yule?" akasema mwingine.

"Alikufa hukohuko Geita," Evelina akarekebisha.

Na Getruda yuko palepale, hatua tatu kutoka kwao, kamfunga Queen mgongoni. Mihayo akakohoa. Mjumbe anajua watu wa nyumba zake, hawezi kusimama karibu na mtu mzima akaandika kwamba kafa.

"Yuko Getruda mmoja," akasema, "lakini huyu ni mkwe wa Mama Teodora hapa."

Hapo Mama Teodora akanyanyuka. Ukitaka kumjua Mama Teodora, chukua mlango wa mninga uuvishe khanga. Mjane, umri wake sitini na kitu, nyumba yake ina bati jipya upande mmoja. Anaishi na mwanawe Luhende, fundi mitumbwi, ambaye wiki hiyo alikuwa Nansio akiziba boti ya mtu. Anaishi na huyo mkwe Getruda na mjukuu Queen wa miaka minne.

"Binti, sikiliza. Mimi ni Msukuma wa Bujora, tena Bujora kabisa, si ya pembeni. Huyu ni Mha wa Kasulu. Nilimtolea ng'ombe saba, baba yake mdogo akawapokea mbele ya watu. Mrundi gani tena anakuja kwangu na picha?"

"Mama, siulizi kwa ubaya. Naomba tu aitazame."

Getruda akaipokea picha. Akaitazama muda wa mtu kusoma neno moja, akairudisha. Vidole vyake vilikuwa na magamba ya dagaa, na gumba lake lilikuwa limefunika uso wa mama yule wote.

"Simfahamu."

"Sawa, dada." Hadiya hakubishana. "Ijumaa anapanda lori. Serikali ya huku na serikali ya kwao zimekubaliana, na Umoja wa Mataifa umo. Wanaotaka kurudi kwa hiari wanapelekwa, na yeye kajiandikisha. Huko kilimani kwao mtandao haushiki. Alhamisi saa nne nitakuwa ofisi ya mtaa na simu. Akitokea mtu wake, wataongea. Asipotokea, nafunga faili. Na jina la mtu halitoki kwetu kwenda popote."

"Utaongea na kiti," akasema Mama Teodora.

Nilimwonea huruma yule binti. Nchi mbili zimekaa mezani, tena meza yenye maji ya chupa, na Umoja wa Mataifa ukawashikia kalamu, wakakubaliana Daforoza apande lori. Kisha kazi yote ikaja kushindwa Igombe, kwa Evelina.

Mihayo akaibandika karatasi kwenye ukuta wa duka. Mbuzi wake alikuwa anamfuata nyuma.

*

Yaliyoandikwa kwenye karatasi yalikuwa kweli tupu. Mama wa kwenye picha ndiye aliyemzaa Getruda. Siku ya kuagana pale kambini Getruda alimwambia, "Mwezi mmoja tu, Mama, nitarudi na sukari." Mwezi ukapita. Simu ya jirani waliyokuwa wakipigiana ikafa, na mwaka wa kwanza ulipokwisha Getruda akaona aibu kurudi bila sukari. Mwaka wa tatu akaona aibu kurudi na sukari.

Kusema yeye ni Mha ilikuwa rahisi. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Kazi ilikuwa ng'ombe. Kwa Wasukuma huwezi kumweka mke ndani kimyakimya kama paka. Ng'ombe wasipopokelewa na kwao mwanamke, watoto ni wa kwao mwanamke, na siku yoyote bibi yao anaweza kuja kuwachukua na hakuna baraza litakalomzuia. Kwa hiyo Luhende alipotaka kuoa, Getruda alilazimika kuwa na ukoo, na ukoo wake alikuwa mjini Kirumba anauza mawese. Jumanne alimfuata huyo Shaibu.

"Baba mdogo, shikamoo."

Shaibu alimwangalia, akaangalia nyuma yake, akaangalia kushoto na kulia. "Nilikwambia usiniite hivyo dukani. Mke wangu wa sasa hajui kama nina mtoto wa kaka."

"Mama yangu kapatikana."

"Alhamdulillahi." Kisha akili ikamrudia. "Kapatikana wapi?"

"Kambini. Ijumaa anarudishwa. Wanataka niongee naye kesho kutwa, kwa simu, mbele ya mjumbe."

Shaibu akaweka chini faneli. Mawese yakaendelea kuchuruzika mezani.

"Getruda, mwanangu. Maana wewe ni mwanangu, nimekupokelea mahari. Hebu tufikiri kama watu wazima. Wewe ukisema mama yako yupo, mkweo atauliza, huyu mzee wa Kirumba aliyekula ng'ombe saba ni nani?"

"Ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe! Miaka mitano! Unauliza ng'ombe kama unauliza kiberiti. Wawili walikufa."

"Na watano?"

"Watano..." Akaonyesha duka kwa mkono, rafu, mizani, feni. "Feni hii unayopepewa ni ng'ombe."

Getruda akasogea pembeni, feni isimguse.

"Nisaidie. Njoo ofisini, useme wewe ni shemeji yake mama. Angalau nisiwe mwongo peke yangu."

"Mimi na mjumbe? Mimi na mtu mwenye kizibao?" Shaibu alikwishaanza kufunga dirisha, saa tano asubuhi. "Mwambie Daforoza salamu zangu. Mwambie mtoto wake nilimwoza vizuri. Kweli au si kweli? Nililia hata machozi siku ile."

Ni kweli alilia. Nilikuwepo. Mama Teodora alinong'ona siku hiyo kwamba baba mdogo mwenye kofia ya Kiislamu kwa binti Mkatoliki ni jambo la kushangaza kidogo, tukaambiwa alisilimu akiwa Ujiji, tukaendelea na wali.

*

Jumatano alijaribu kumwambia mumewe. Luhende alipokea simu nyundo ikigonga.

"Mume wangu, nina neno."

"Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Mama?"

"Anafoka."

"Basi mko wazima wote. Jumamosi nakuja, neno litanikuta." Nyundo ikaendelea na simu ikakatwa na vidole vyenye lami.

Siku hiyo hakuna kilichomkalia vizuri. Alianika dagaa akasahau kugeuza, korongo wakashuka wakajichagulia. Aliteka maji akayamwaga. Alifua sweta la Queen, likakauka, akalifua tena. Mama Teodora alikuwa kwenye kigoda chake, anapepeta mtama na kuhesabu mambo hayo moja moja.

"Mama Queen."

"Abee, mama."

"Sweta la mtoto unalifua mara mbili. Igombe kuna baridi?"

"Nampeleka kliniki kesho."

"Kliniki."

"Ndiyo, mama."

"Alhamisi ni wajawazito. Watoto ni Jumanne. Wewe una mimba au Queen ndiye ana mimba?"

Mama Teodora akaweka ungo chini, akafuta mikono, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba nguo zote za Queen, magauni manne na viatu vya kanisani, akaziingiza kwenye sanduku lake la bati mbele ya macho ya mkwewe, akapiga kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga.

"Wewe unakwenda unakotaka. Una miguu. Lakini mtoto huyu katolewa ng'ombe saba. Nyinyi watu wa kuja mna tabia, mnakula kwa mtu, mnazaa kwa mtu, siku moja asubuhi mtu anaamka anakuta mkeka mtupu."

"Mama, sina pa kwenda."

"Kila mtu anasema hivyo mpaka lori lije."

Getruda alikunja lile sweta lililobaki mkononi mwake, maana lilikuwa bichi ndiyo sababu halikufungiwa. Alitaka kusema yote palepale. Akamwangalia yule mama mkubwa amekaa juu ya sanduku kama kuku juu ya mayai, akaona kwamba akisema, atakuwa amemkosa mama wa Kigoma na wa Igombe kwa siku moja.

*

Alhamisi saa nne kasoro nilikuwa ofisi ya mtaa. Nilikwenda kugongewa muhuri kwenye barua. Barua yenyewe sijaiandika mpaka leo, lakini benchi la pale ni la umma.

Hadiya alikuwa ameweka simu mezani juu ya daftari, Mihayo pembeni yake ameshika kalamu asiyoijua kazi yake. Saa nne ikafika. Saa nne na robo. Hadiya akaangalia faili, akaangalia mlango. Huko kambini, alituambia, Daforoza alikuwa amekaa mbele ya simu ya shirika tangu saa moja asubuhi, na mzigo wake ulikuwa umeshafungwa na kuandikwa namba.

Getruda aliingia anahema. Queen mgongoni, amevaa sweta bichi na hana viatu.

"Nimekuja," akasema. "Ni mimi."

Mihayo akadondosha kalamu. Kabla hajaiokota, mlango ukajaa. Mama Teodora.

"Na wewe mama?" akauliza Hadiya kwa upole. "Wewe ni mama mkwe. Haya ni maongezi ya ndugu."

"Nimemsindikiza mjukuu wangu. Hayo maongezi yenu siyasikii, mimi Kisukuma ndicho nilichonyonyeshwa, na Kiswahili cha shule kidogo. Ongeeni tu." Akakaa karibu na mlango, goti lake likazuia njia, akageuza uso kuangalia kalenda ukutani.

Hadiya akamtazama Getruda. Getruda akasema, "Abaki. Haelewi."

Hadiya akapiga, akaweka spika. Simu ikaita mara moja tu.

"Alo? Ni nani?" Sauti ya mbali, kavu, kwa Kirundi. Maneno haya nilitafsiriwa baadaye na Getruda mwenyewe, kwa bei ya nusu kilo ya sukari, kwa hiyo yapokeeni kama mali iliyonunuliwa.

Getruda alifungua mdomo, kikatoka kilio kibaya cha puani, cha kukwama na kuachia.

"Ndiye," ikasema simu kwa watu wa kule. "Analia kama ndama. Ndiye wangu. Mwana wanje, mwanangu, sukari iko wapi?"

Wakalia wote wawili, na Queen akalia kwa kuwaunga mkono. Mihayo akatoka nje kidogo kutazama pikipiki ambayo haikuwepo, akarudi. Mama Teodora alikuwa anasoma kalenda. Nadhani alishafika Desemba.

"Una mtoto. Namsikia."

"Wa kike, Mama. Ana miaka minne."

"Umeolewa?"

"Nimeolewa. Na Msukuma. Fundi mitumbwi, ananitunza."

"Ng'ombe walitoka?"

"Walitoka. Saba."

"Nani alipokea? Baba yako amekufa, kaka zako wamekufa, mimi niko hapa. Nani alipokea?"

Getruda akamtupia mama mkwe wake jicho. Mgongo wa khanga tu. Akaona afadhali aliteme lote, mahali pasipo wa kulisikia isipokuwa mama yake.

"Nilimchukua muuza mawese, Mama. Nikamwita baba mdogo. Nimewadanganya miaka mitano. Mama mkwe ni mkali, ulimi wake unakata, lakini homa iliponishika uzazini alinibeba mgongoni mpaka zahanati, mtu mzima yule. Hajui kitu. Wanasema mimi ni Mha."

Simu ikanyamaza, tukadhani imekatika. Hadiya akanyoosha mkono. Kisha sauti ikarudi, safari hii haikuwa na machozi.

"Basi hujaolewa. Na mtoto ni wangu. Sikiliza, mwanangu. Lori linaondoka kesho, lakini nikiomba wataniacha nisubiri la wiki ijayo, wamesema familia hazitenganishwi. Mlete. Nimezika wanne, sirudi kwenye kile kilima nikalime peke yangu. Mchukue mtoto uje. Hakuna mtu huko mwenye haki ya kukuzuia."

Getruda alimvuta Queen kutoka mgongoni akamweka mapajani, akamshika miguu, ilikuwa ya baridi, na ukimtazama usoni ungeona kabisa kwamba anapima. Midomo yake ilianza kutengeneza neno. Lilikuwa ndiyo au lilikuwa siyo, mpaka leo anasema hajui mwenyewe.

"Mtoto huyu hapandi lori!"

Lilitoka mlangoni. Benchi lilisogea. Mama Teodora alikuwa ameiinamia meza ya Hadiya, mikono miwili imekamata ukingo, mdomo karibu na simu, na maneno yanamtoka kwa kasi kama maji ya bomba lililopasuka.

"Unamwita mtoto wa miaka minne kwenye lori? Unajua lori wewe? Unajua mtoto analala wapi ndani ya lori, katikati ya magunia, anaambiwa asilie? Na ng'ombe wangu walitoka zizini kwa miguu yao, saba, kama wameliwa na mwizi basi mwizi ni wenu, siyo wangu! Unataka mjukuu, njoo umwone. Mabasi yapo. Utalala kwangu. Lakini lori, hapana!"

Nilikuwa bado namshangaa alivyopaza sauti. Ilinichukua muda kugundua kwamba sikuelewa hata neno moja.

Getruda alikuwa ameelewa. Amemkodolea macho mama mkwe wake, mdomo wazi, mkono bado kwenye unyayo wa mtoto. Hadiya akaacha kuandika. Mihayo akaniangalia mimi, na mimi, ambaye nimeishi ukuta kwa ukuta na mwanamke huyu miaka thelathini na moja, nikamwangalia mbuzi dirishani.

Sauti ya Daforoza ikaja polepole, ya mtu anayenusa kitu cha zamani.

"Nani huyo? Huyo si Msukuma. Hayo ni maneno ya watu wa Rumonge, wa kando ya ziwa letu, nayajua, mume wangu alikuwa wa huko. Dada, wewe ni binti wa nani? Ulivuka mwaka gani, sabini na mbili, wakati wa mauaji?"

Mama Teodora akanyooka. Akavuta khanga ikakaa sawa mabegani. Akatuzungusha macho mmoja mmoja, Mihayo, Hadiya, mimi, akamalizia kwa mkwewe, halafu akaiinamia simu tena.

"Mimi ni Msukuma wa Bujora," akajibu, akataja na jina la baba yake na la babu yake na mti uliosimama mbele ya nyumba yao, yote hayo kwa Kirundi, bila kukwama hata mahali pamoja.